Manowari tatu za matanga za Wareno: ufuate historia ya ipi?

"Mwalimu, meli za Wareno ni nyingi, nishike ipi?" Swali hili hunijia kila mwaka, tena si la wanafunzi peke yao. Jirani yangu anayechonga vijahazi vya kuwauzia watalii alichoka na jahazi, akataka ajaribu manowari ya Kizungu. Shemeji yangu, aliyepelekwa Lisbon kikazi kwa miezi mitatu, aliuliza kama kuna chombo cha kale anachoweza kwenda kukitazama siku ya mapumziko. Na binti wa kidato cha tatu alikuwa na kazi ya historia ya kukabidhi Jumatatu, akaja kwangu Ijumaa jioni, kama ilivyo kawaida yao.

Sikuwapa jibu moja. Na wewe kama umekwama palepale walipokwama wao, hizi hapa meli tatu, tuzitazame kwa pamoja. Ya kwanza ni Frol de la Mar, yaani Ua la Bahari, iliyojengwa Lisbon mwaka 1502. Ya pili ni Santo António de Tanná, iliyojengwa Bassein, kaskazini ya Bombay, mwaka 1681. Ya tatu ni Dom Fernando II e Glória, iliyoshushwa majini Daman, nako ni India ya Wareno, mwaka 1843.

São Gabriel ya Vasco da Gama nimeiacha makusudi, kwa kuwa kila kitabu cha shule kinayo. Nimeiacha pia galeoni São João Baptista, waliyoipa jina la utani Botafogo, "mtema moto". Ilipigana Tunis mwaka 1535, lakini hiyo mizinga 366 inayosemwa ilibeba, mimi hainipiti kooni.

Nitazipima kwa nini

Kwa mambo manne: ilitumika vipi, inahusiana vipi na pwani yetu, ilikufa vipi, na imebaki nini ambacho mtu wa kawaida anaweza kukifikia. Historia ya utumishi wa manowari si hesabu ya vita tu. Ni pamoja na miezi iliyolala bandarini ikitiwa kalafati, watu iliowabeba kwa hiari na wasio na hiari, na wakubwa waliogombana juu ya sitaha yake. Hilo la nne, la kilichobaki, ndilo huwaamulia wengi mwishowe, ingawa karibu wote huanza kwa kuuliza mizinga.

Basi mizinga niimalize hapahapa. Santo António ilikuwa na 42, Dom Fernando 50. Frol de la Mar ilikuwa nau, chombo cha mizigo chenye mizinga, cha tani 400 hivi. Umezijua, ziweke kando, maana hazitakusaidia kuchagua.

Utumishi

Frol de la Mar ilijengwa kwa ajili ya pilipili: kwenda India, kupakia, kurudi. Vyombo vya aina yake kwa kawaida vilichakaa baada ya miaka mitatu minne. Hiki kilidumu tisa, na ajabu ni kwamba karibu yote tisa kilikuwa kinavuja.

Nahodha wake wa kwanza alikuwa Estêvão da Gama, binamu wa Vasco. Kwa wakati ule ilikuwa meli kubwa kupita kiasi, na ukubwa huohuo ndio uliokuwa maradhi yake. Ikishajaa mali na kuingia katika mkondo mkali wa Msumbiji, mbao zilianza kuachiana na maji yakajaa ngamani. Safari yake ya kwanza ya kurudi ililazimika kutia nanga Msumbiji itengenezwe. Safari ya pili, mwaka 1506, chini ya João da Nova, yakawa yaleyale, tena mabaya zaidi: ilikwama kisiwani miezi kadhaa, mabaharia wakikumba maji na kungoja, hadi msafara wa Tristão da Cunha ulipoikuta hapo mapema 1507.

Wakaitengeneza, lakini Lisbon haikuiona tena. Kuanzia hapo iligeuzwa meli ya vita moja kwa moja. Mwaka 1507 Sokotra, kisha Hormuz pamoja na Afonso de Albuquerque, kamanda wa Kireno ambaye manahodha wake walimchoka mpaka wakamwasi, João da Nova akiwa mmojawapo. Tarehe 3 Februari 1509 Francisco de Almeida, mwakilishi wa mfalme wa Ureno huko India, aliongoza vita vya Diu akiwa ndani yake, akapambana na muungano wa Wamamluki wa Misri na Wagujarati. Kisha Goa, India, mwaka 1510, na Melaka, katika Malaysia ya leo, 1511. Ukiitazama orodha hiyo unaona chombo kibovu kuliko vyote ndicho kilichokuwa kikipewa kazi nzito kuliko zote. Waliokulia mabandarini wanaijua tabia hiyo ya wenye vyombo.

Utumishi wa Santo António de Tanná ni mfupi, miaka 16, na unaosimuliwa hasa ni ule wa mwisho, usiofika hata mwaka. Ilijengwa wakati Wareno wameshaanza kurudi nyuma katika Bahari ya Hindi. Waomani walikuwa wamewafukuza Muscat mwaka 1650, na tarehe 13 Machi 1696 jeshi la imamu Saif bin Sultan likaizingira Fort Jesus, Mombasa. Goa, makao makuu ya Wareno huko India, ikapeleka msaada kwa meli, na Santo António ilikuwa miongoni mwa zilizokuja Desemba 1696. Ikaondoka, ikarudi tena Septemba 1697.

Kati ya kuondoka na kurudi huko ndiko kuliko na hadithi yenyewe. Ndani ya ngome tauni ilizoa watu. Kufikia mwisho wa Agosti 1697 kapiteni wa Kireno alikuwa amekufa, na askari wake karibu wote wamemtangulia. Aliyeshika ngome alikuwa Bwana Daud wa Faza, mji wa kisiwa cha Pate, pamoja na jamaa zake na Waafrika wachache, wanaume kwa wanawake. Kwa majuma kadhaa bendera ya mfalme wa Ureno ililindwa na mtu wa Faza dhidi ya Waomani na wenzao wa pwani. Nilipofika hapo binti wa kidato cha tatu aliweka kalamu chini. "Mwalimu, sisi tulifundishwa Waswahili wote walikuwa upande wa Waarabu." Nikamwambia insha yake ndiyo hiyo ishapatikana. Faza na Mombasa walikuwa na visa vyao vya kale, na meli hii iliingia bandarini katikati ya visa hivyo.

Dom Fernando II e Glória ni habari nyingine kabisa. Ilitumika baharini miaka 33. Ilitoka Goa tarehe 2 Februari 1845 na kuingia Lisbon tarehe 4 Julai, na kwa hesabu ya jumla ilikwenda zaidi ya maili 100,000, sawa na kuizunguka dunia mara tano. Ndiyo manowari ya mwisho ya Ureno kupita Njia ya India kwa matanga matupu, ilhali wenzao walikuwa wameshaingia kwenye mvuke.

Lakini vita? Vichache mno. Mwaka 1855 ilishiriki katika kuiteka Ambriz, Angola. Zaidi ilikuwa basi la himaya: wanajeshi, maofisa na wake zao na watoto, wahamiaji wa kwenda kukaa nyanda za Huíla huko Angola, na wafungwa waliohukumiwa uhamisho makoloni. Mabaharia wake walikuwa kati ya 145 na 379, kutegemea kazi iliyotumwa. Tangu 1865 ikawa shule ya mizinga ya jeshi la majini. Safari yake ya mwisho, mwaka 1878, ilikuwa ya mafunzo kuelekea visiwa vya Azores, na huko iliwaokoa mabaharia wa meli ya Kimarekani, Laurence Boston, iliyokuwa ikiungua. Ukitaka mizinga ingurume kila ukurasa, utaisinzia. Ukitaka kujua watu waliishije miezi mitatu bila kuiona nchi kavu, hakuna inayoishinda kati ya hizi.

Pwani yetu

Santo António haihitaji maneno hapa, imelala kwenye maji yetu.

Frol de la Mar ilikuwa katika msafara wa Almeida wa 1505, ule ulioiteka Kilwa mwezi Julai na kuichoma Mombasa mwezi Agosti. Baada ya kutengenezwa Msumbiji ilijiunga na msafara wa Tristão da Cunha, ambao mwaka 1507 uliitoza Lamu ushuru na kuiteketeza Barawa. Tahadhari moja kwa wanaoandika: ilikuwa meli moja kati ya nyingi. Nimesoma insha zinazoitwika Ua la Bahari kila nyumba iliyochomwa na Almeida, kana kwamba ilikuja peke yake.

Kwa Dom Fernando uhusiano ni mwembamba. Iliposhushwa majini, Seyyid Said alikuwa ameshafanya makao Unguja, na Wareno walibaki kusini ya Ruvuma. Msumbiji ndiko ilikofika na kuondoka, ikiwa na barua, askari na wafungwa. Msomaji wa Pemba ya Msumbiji au Nampula atakuwa na la kuuliza hapo kuliko wa Lamu.

Zilivyokufa

Albuquerque aliipakia Frol de la Mar mali ya Melaka mpaka pomoni, zikiwamo sanamu za simba alizozitaka kwa ajili ya kaburi lake mwenyewe. Usiku wa tarehe 20 Novemba 1511 dhoruba iliikamata kwenye pwani ya Sumatra, ikapanda mwamba na kukatika. Watu wapatao 400 wakaangamia. Albuquerque akaokoka juu ya chelezo cha mbao kilichofungwa haraka haraka. Walikuwa wameshauriwa kuwa meli imechoka, ila ndiyo iliyokuwa na nafasi ya kubebea.

Santo António ilifia mbele ya macho ya iliokuja kuwasaidia. Ilikuwa imefungwa chini ya ngome. Kamba zikakatika, mkondo ukaichukua hadi upande wanakokaa Waomani. Wakapigana wakaitoa, lakini msukani umekwisha haribika. Manowari isiyo na msukani katika mlango mwembamba kama ule wa bandari ya kale ya Mombasa ni gogo tu. Wakairudisha chini ya ngome, nayo tarehe 20 Oktoba 1697 ikalala ubavu na kuzama. Fort Jesus ilivumilia mwaka mmoja na zaidi, ikaanguka tarehe 13 Desemba 1698. Siku chache baadaye zikatokea meli nyingine za msaada kutoka Goa, zikaona bendera si yao, zikageuza.

Dom Fernando ilikufa mara moja na kufufuka. Baada ya 1940 ilikuwa makao ya kuwalea na kuwafunza ubaharia vijana wa kimaskini. Tarehe 3 Aprili 1963 ikashika moto. Gofu lake likakaa kwenye matope ya mto Tagus miaka 29, kupwa na kujaa. Mwaka 1992 wakaliinua, wakaanza kulijenga upya kwa jasho na fedha nyingi, na mwaka 1998 likasimama tena Lisbon likiwa na milingoti mitatu. Kilichoisaidia isioze kabisa ni msaji wa India, mti ambao bara wengi tunauita mtiki. Santo António nayo ilitoka katika viwanda vya pwani hiyohiyo, na mbao zake zilizofunikwa na mchanga zimedumu zaidi ya miaka 300.

Kilichobaki

Ukiniuliza kwa ufupi: ya kwanza imeacha hadithi, ya pili vyombo, ya tatu mwili.

Mabaki ya Frol de la Mar hayajathibitishwa mpaka leo, hata wawindaji hazina waseme nini. Kule Melaka kuna jumba la makumbusho lenye umbo la meli hiyo, limesimama nchi kavu kando ya mto, urefu mita 36. Ni kubwa na linapendeza kwenye picha, lakini waliolijenga hawakuwa na ramani ya chombo chenyewe, kwa sababu hakuna aliye nayo. Jirani yangu mchongaji alianza na hii, akavutiwa na jina. Baada ya wiki mbili akaniletea michoro mitatu aliyoipata kwenye intaneti: mmoja una foromali (mti unaobeba tanga) ndefu, mwingine fupi, wa tatu shetri, yaani sehemu ya nyuma, imepanda juu kama minara. "Mwalimu, niamini upi?" Sikuwa na jibu.

Mabaki ya Santo António yalichimbuliwa kati ya 1977 na 1980 na wataalamu wakiongozwa na Robin Piercy, kwa ushirikiano wa taasisi moja ya Marekani ya akiolojia ya baharini na Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Gofu lenyewe waliliacha chini, likafukiwa tena. Maelfu ya vitu vilipandishwa juu: kaure za Kichina, mitungi mikubwa ya martabani, vyungu vya Kihindi, vipande vya mpingo, risasi za mizinga, vifaa vya kamba na matanga. Baadhi vimo katika chumba cha maonyesho ndani ya Fort Jesus.

Nikiwapeleka wanafunzi huwazuia wasisome vibao kwanza, watazame tu waseme wanachokiona. Mwaka mmoja kijana ambaye babake ni mvuvi tulimwonyesha kapi la mbao lenye gurudumu ndani yake. Akacheka. "Si roda hii? Ipo kwetu." Roda ni neno la Kireno, gurudumu. Wareno wameondoka, meli imezama, jina limebaki mdomoni mwa mtoto wa mvuvi, na kazi ya kifaa ni ileile. Ukitoka hapo usiondoke bila kuona michoro ya ukutani iliyochorwa na askari wa ngomeni kwa makaa na udongo mwekundu. Meli zimo, tena zimechorwa na watu waliokuwa wakizingoja.

Usitegemee kupiga mbizi kwenda kulitazama gofu. Linalindwa kisheria, na maji ya pale si ya kuchezea.

Dom Fernando iko kwenye gudi kavu Cacilhas, Almada, ng'ambo ya Lisbon. Unapanda, unashuka sitaha baada ya sitaha, unainama chini ya maboriti, unaona mtu alilala umbali gani na mzinga. Kama una kamera na futi ya kupimia, utarudi na vipimo vya kweli: urefu wake ni mita 86.75, upana 12.80. Kasoro ni kwamba mbao nyingi unazozikanyaga ni za miaka ya 1990. Wako wanaosema kwa hiyo si meli ileile. Mimi nawauliza jahazi lililobadilishwa mbao zote kwa miaka 40 wanaliitaje.

Sasa uchague

Kama una insha, mjadala wa darasani au utafiti mdogo, na uko Kenya au Tanzania, Santo António ni rahisi zaidi kuifuata: nauli ya Mombasa, kiingilio, siku moja. Inakupa pia swali lenye ubishi, la nani alipigania upande gani, na insha bila ubishi haisomeki. Ila ukitaka miaka ya mwanzo ya meli, yaani 1681 mpaka 1696, jiandae kupekua nyaraka za Kireno na za Goa. Bila lugha hutafika mbali.

Kama unataka kueleza jinsi Wareno walivyoinyakua Bahari ya Hindi ndani ya miaka kumi, kwa msikilizaji asiyependa tarehe nyingi, chukua Frol de la Mar. Meli moja inayovuja inakupitisha Msumbiji, Sokotra, Hormuz, Diu, Goa na Melaka bila kulazimisha kituo hata kimoja. Inawafaa waandishi wa hadithi na watangazaji. Haimfai mtu wa vipimo.

Mtu wa vipimo, fundi, mchoraji, na yeyote aliyeko Ulaya, Dom Fernando. Inamfaa vilevile anayetafiti wafungwa na wahamiaji wa Angola na Msumbiji katika karne ya 19, eneo ambalo kwa Kiswahili limeandikwa kidogo sana.

Na kama una siku moja Lisbon, fanya kama shemeji. Asubuhi alipanda feri pale Cais do Sodré akavuka hadi Cacilhas, akamaliza meli kabla ya adhuhuri. Alasiri nikamtuma kwenye makumbusho ya taifa ya sanaa ya kale, akaitafute Custódia de Belém, chombo cha ibada kilichokamilishwa mwaka 1506 kwa dhahabu aliyotozwa sultani wa Kilwa na Vasco da Gama. Alinipigia akiwa amesimama mbele ya kioo, ananong'ona kama yuko msikitini. "Shemeji, hii dhahabu ni ya Kilwa kweli? Mbona hawajaandika kwa herufi kubwa?"

Picha alizopiga melini nilimpa jirani mchongaji. Ameiacha Ua la Bahari, sasa yuko kwenye Dom Fernando, milingoti imeshasimama na ubavu mmoja umekamilika. Jana jioni alipita barazani kwangu na kisu chake mkononi, vidole vimefungwa plasta. "Mwalimu, mizinga hamsini! Kwa nini hukuniambia mapema?"